Naomba ushauri: picha za dhahania ufukweni asubuhi, mbwa akiwa mkononi

Mchanga_Mbichi
Wakuu, salaam. Ufukwe ni Kunduchi, asubuhi, kamera yenye lenzi ya 24–70 na mbwa mmoja mwenye nguvu. Nataka picha za dhahania: mikunjo ya mchanga, povu, mawimbi yaliyogeuka mistari mitupu. Mchanga unatoka bapa kama sakafu, picha za kutikisa kamera makusudi shata ikiwa wazi zinaungua nyeupe, na kamba ya mbwa inavuta kila nikibonyeza. Nianzie wapi?

Kupwa_na_Kujaa
Anza na maji, kamera baadaye. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji ya pwani yetu hujaa kama saa kumi alfajiri na kupwa kabisa kama saa nne. Maana yake saa kumi na mbili na nusu maji ndiyo yanatoka, yanaacha mchanga usiokanyagwa hata na kunguru. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku tatu baadaye saa hiyohiyo utayakuta yamejaa. Siku hiyo lala tu.

Ubapa unatokana na upande unaosimama. Jua linachomoza baharini na mikunjo mingi hulala sambamba na maji, kwa hiyo mwanga unaipiga ubavuni na kila kituta kinapata kivuli chake. Elekea kaskazini au kusini, bahari iwe ubavuni. Ukiipa bahari mgongo, kivuli chako kinaingia kwenye picha. Jua likishapanda, vivuli vinakufa. Jioni usihangaike, jua liko nyuma ya minazi.

Shata_Pole
Kuungua ni hesabu tu. Jua kali, ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/16 (tundu dogo la lenzi), shata inayofaa, yaani muda wa kupokea mwanga, ni 1/125 ya sekunde. Ili mawimbi yageuke mistari unahitaji kama nusu sekunde, yaani mwanga mara 64 zaidi. Lazima filta nyeusi ya stopu 6; kila stopu hupunguza mwanga nusu. Jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, f/22 bila filta inaweza kukupa 1/8 au 1/4, na hiyo inatosha kwa povu.

Zima kitulizi cha mtikisiko, kinapigana na mkono wako. Anza kuzungusha kiuno kabla ya kubonyeza, endelea hata shata ikishafunga, sambamba na mstari wa wimbi. Ukianza na kubonyeza kwa pamoja, mwanzo wa mstari unakuwa na kifundo. Piga 30, tegemea mbili.

Mama_Kamba
Mbwa akae upande wa nchi kavu, hatua moja nyuma yako. Akiwa upande wa bahari, kivuli chake na nyayo zake zote zinaingia kwenye mchanga unaoutaka. Kamba ya mita 1.5, isiyorefuka. Ukitaka kupiga, mwambie akae, kisha ikanyage kamba ikiwa imebaki urefu wa kumtosha kukaa tu. Usiifunge mkononi wala kwenye tripodi.

Beba lita moja ya maji baridi, maana akinywa ya chumvi atatapika na kuhara. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, akiwa ametupwa na maji asimguse hata kwa ulimi: sumu yake inaua. Na mpitishe mbali na wavuvi na nyavu zao, wengi hawataki kuguswa na mbwa. Ni haki yao.

Mchanga_Mbichi
Asanteni. Vile vidonge vidogo vya mchanga vinavyosambaa kama miale, vinapigwaje?

Kupwa_na_Kujaa
Hiyo ni kazi ya kaa wadogo wanaochuja chakula mchangani. Subiri maji yakae mbali kidogo, ndipo wanatoka. Elekeza lenzi chini moja kwa moja, mgongo wa kamera uwe sambamba na mchanga, f/8. Ondoa gamba, kijiti na unyayo: jicho likipata kitu cha kupimia ukubwa, udhahania umekwisha. Na mbwa abaki mbali, akitikisa ardhi tu wanazama.

Shata_Pole
Chumvi kwenye lenzi usiifute kavu. Kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kwanza, kisha kikavu. Na lenzi usibadilishe ufukweni, hasa wakati wa kusi.