Runinga ya chogo na king'amuzi cha kidijitali: picha haina rangi na inapanda juu mfululizo

Mwuliza swali

Habari zenu ndugu zangu,

Nina runinga ya chogo ya inchi 21 iliyokaa stoo kwa miaka mingi, nami ningependa irudi kazini badala ya kutupwa, kwa sababu kioo chake kingali safi na spika zake zina sauti nzito kuliko za runinga nyingi nyembamba. Nyuma yake kuna tundu la antena, na pembeni kuna matundu mawili tu, moja la njano na moja jeupe. Nimenunua king'amuzi cha DVB-T2 (cha kupokea matangazo ya kidijitali kwa antena ya kawaida) chenye matundu matatu ya njano, jeupe na jekundu, pamoja na tundu la HDMI, lile la runinga mpya linalopitisha picha na sauti kwa kebo moja. Nimeunganisha njano kwa njano na nyeupe kwa nyeupe. Pini nyekundu imebaki ikining'inia.

Nilipobonyeza kitufe cha AV (cha kuonyesha kinachoingia kwa matundu ya pembeni) picha ilitokea, lakini haina rangi hata kidogo, na inapanda juu bila kutulia huku mkanda mweusi ukikatiza kioo kutoka chini kwenda juu. Sauti inatoka, ila nimeona jambo la ajabu: katika mahojiano fulani anayeuliza anasikika vizuri, lakini anayejibu hasikiki kabisa. Tena kwenye kona moja ya kioo kuna doa la kijani ambalo haliondoki, hata runinga isipounganishwa na kitu chochote.

Naomba kujua kama runinga imeharibika au ni mpangilio tu. Pia, kwa nini nilipochomeka antena moja kwa moja kwenye runinga nilipata chenga tupu? Na je, ninaweza kuitumia kutazama video kutoka kwenye kompyuta yenye HDMI pekee?

Fundi wa Kale

Ndugu, usiitupe. Kwa maelezo yako, runinga hiyo ni nzima.

Picha isiyo na rangi inayopanda juu ni dalili ya mifumo miwili isiyoelewana. Runinga za zamani zilitengenezwa kwa mfumo maalumu wa rangi, na iliyoenea zaidi ni PAL na NTSC. Kwa kawaida PAL huchora picha kwa mistari 625, mara 50 kwa sekunde, ilhali NTSC hutumia mistari 525 kwa takriban mara 60. King'amuzi chako kinatoa NTSC na runinga yako inasubiri PAL, kwa hiyo inashindwa kuisoma rangi, na pia inashindwa kuishika picha mahali pamoja kwa sababu kila picha inawahi kufika kabla runinga haijawa tayari kuipokea. Ingekuwa ni rangi tu iliyokosekana na picha imetulia, ningekuuliza kama pini ya njano imeingia kwenye tundu la kijani, kosa ambalo hutokea mara nyingi kwenye vifaa vyenye matundu mengi. Lakini kule kupanda juu kunaondoa shaka.

Tatizo ni kwamba menyu ya king'amuzi haisomeki picha ikiwa inakimbia. Angalia kwanza rimoti ya king'amuzi, kwani baadhi yake zina kitufe kilichoandikwa P/N au PAL/NTSC, na kukibonyeza mara moja tu hutosha. Kama hakipo, unganisha king'amuzi kwa HDMI kwenye runinga yoyote mpya, ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua PAL, hifadhi, kisha ukirudishe kwenye runinga yako. Ukiwa humo humo, badilisha umbo la picha liwe 4:3, la sivyo watu wataonekana warefu na wembamba kwa sababu picha pana ya 16:9 itabanwa ili ienee kwenye kioo chako. Utapewa kuchagua kati ya kubakiza mikanda myeusi juu na chini au kukata pembeni. Mimi hupendelea mikanda, kwa kuwa anayekata pembeni hukata pia matokeo ya mechi na majina ya wanaozungumza.

Kuhusu sauti, runinga yako ni ya mono, yaani hupokea njia moja tu ya sauti, na pini nyeupe hubeba upande wa kushoto pekee. Mahojiano uliyoyataja huenda yalirekodiwa mmoja kushoto na mwingine kulia, ndiyo maana wa kulia amepotea. Tafuta kwenye menyu ya sauti ya king'amuzi uchague mono, na pande zote mbili zitachanganywa ndani ya ile pini moja. Usiingize pini nyekundu kwenye tundu la njano kwa kudhani itasaidia. Hilo ni tundu la picha, wala sauti haitapita humo.

Doa la kijani linatokana na usumaku. Ondoa spika au kifaa chochote chenye sumaku kilicho karibu, kisha uizime runinga kwa swichi yake kuu, si kwa rimoti, iache ipoe kwa nusu saa au zaidi, halafu uiwashe kwa swichi hiyo hiyo. Utasikia mngurumo mfupi mzito: huo ni waya uliozungushwa kando ya kioo ukifanya kazi ya kuondoa usumaku. Ukiizima kwa rimoti, katika runinga nyingi kazi hiyo haifanyiki ipasavyo. Doa likiwa kubwa huhitaji kurudia, na kila mara ipoe kwanza.

Nakuomba jambo moja kwa msisitizo: usifungue mfuniko wa nyuma. Bomba la kioo cha rangi hufanya kazi kwa umeme unaozidi volti 20,000, na chaji inaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Kwa kuwa runinga imekaa muda mrefu, kaa nayo karibu inapowaka siku za mwanzo, na ukinusa harufu ya kuungua au ukisikia mlio wa cheche, chomoa mara moja umpelekee fundi.

Antena Juu

Naongezea kwenye swali la antena, maana wengi hudhani antena zao ndizo mbovu.

Antena yako huenda inakamata mawimbi vizuri kabisa, lakini runinga ya zamani haina uwezo wa kuyafasiri. Ilitengenezwa kupokea matangazo ya analojia, na nchi nyingi zimekwisha kuyazima. Chini ya makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilijiwekea tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo hayo katika masafa ya UHF, mojawapo ya makundi ya masafa ya runinga. Kwa hiyo antena lazima ipite kwenye king'amuzi kwanza. Kama antena yako ina waya bapa wa nyuzi mbili, huo ni wa omu 300, na king'amuzi kinataka kebo ya duara ya omu 75, basi weka kile kiunganishi kidogo cha kubadilisha katikati yake.

Kuna jambo linalorahisisha sana utafutaji wa kosa: ishara ya kidijitali haina chenga. Ikiwa dhaifu, picha hugawanyika vipande vya mraba, huganda, na sauti hukatika. Kwa hiyo ukiona chenga kwenye kioo, usipande juu ya paa. Runinga haiko kwenye AV, imerudi kwenye chaneli za antena. Ukiona vipande vya mraba, hapo ndipo antena inahusika. Aidha, menyu ya king'amuzi huwa na sehemu ya kupeleka umeme wa volti 5 kwenye antena. Iwashe tu ikiwa antena yako ina kikuza mawimbi ndani yake.

Mwenye runinga isiyo na tundu la njano asikate tamaa. Kuna kifaa kiitwacho RF modyuleta kinachopokea pini za njano na nyeupe na kutoa ishara kwa njia ya antena, kisha runinga hutafutwa chaneli kama zamani. Picha hupungua ubora kidogo, na hakikisha kimetengenezwa kwa mfumo wa runinga yako.

Mwalimu wa Kompyuta

Kwa kompyuta unahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda AV. Soma maandishi yake kwa makini kabla ya kulipa, kwa sababu kile cha AV kwenda HDMI hufanana nacho kwa umbo na rangi, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake. Angalia palipoandikwa IN na OUT: HDMI iwe IN. Kigeuzi hicho hutumia umeme wa volti 5 kupitia waya wa USB, na ubavuni huwa na swichi ndogo ya PAL na NTSC, ambayo nayo utaiweka kwenye PAL.

Video zitapendeza. Maandishi hayatapendeza. Picha ya mistari 1080 inayotoka kwenye kompyuta itapunguzwa hadi mistari 576 inayoonekana katika PAL, na herufi ndogo zitaungana hadi zisisomeke. Kuza herufi kutoka kwenye mipangilio, au uitumie runinga kwa video tu. Pia filamu za kulipia zenye ulinzi wa kunakili zinaweza kukataa kuonyeshwa kupitia baadhi ya vigeuzi.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimekipeleka king'amuzi kwa jirani mwenye runinga ya HDMI, nikachagua PAL, 4:3 na mono. Sasa rangi ipo, picha imetulia, na wazungumzaji wote wawili wanasikika. Doa limepungua baada ya kuizima kwa swichi kuu, ingawa bado lipo kidogo. Limebaki jambo moja: maandishi yanayopita chini ya kioo wakati wa habari yamekatwa nusu. Je, hilo nalo lina dawa?

Fundi wa Kale

Runinga za chogo huchora picha ikizidi kidogo kingo za kioo kwa makusudi, ili ukingo usio nadhifu usionekane. Ukiwa umechagua mikanda myeusi, maandishi yangepaswa kuingia ndani, kwa hiyo hakikisha umechagua mikanda na si kukata pembeni. Yasipoingia, tafuta kwenye king'amuzi sehemu ya ukubwa wa picha na uipunguze kidogo kidogo hadi mstari wa chini uonekane wote. King'amuzi kikikosa sehemu hiyo, fundi anaweza kupunguza kimo cha picha ndani ya runinga yenyewe, na hiyo ni kazi ya dakika chache kwake. Lile doa lipe muda. Rudia kuizima na kuipoza, na kama baada ya wiki moja halijaondoka, mwombe fundi huyo huyo aje na koili ya kuondolea usumaku.