Mjadala: Je, pigo la Thunder liruhusiwe katika mashindano ya watoto?

Mjomba wa Ntinda
Ndugu zangu, tunapanga mashindano ya Pokémon, ule mchezo wa video ambamo viumbe wa kubuni hupigana kwa zamu, kwa watoto wetu wakati wa likizo ya Desemba, nami napendekeza pigo la radi liitwalo Thunder lizuiwe kabisa. Juzi mpwa wangu alimwamuru Pikachu wake, kiumbe wa aina ya umeme, alipige mara tatu mfululizo, likakosa mara zote tatu, akashindwa na mtoto ambaye hajui hata aina ipi huishinda ipi. Pigo lenye nguvu 120 linalotegemea kudra ni kamari, na kamari haifundishwi watoto. Thunderbolt, pigo jingine la umeme, ipo na shabaha yake ni kamili. Wanataka nini zaidi?

Kaka wa Jinja
Mzee, hiyo 120 ilikoma mwaka 2013 yalipotoka matoleo ya mchezo ya X na Y. Tangu hapo Thunder ina 110, na Thunderbolt ilishushwa kutoka 95 hadi 90. Kwa kuwa Thunder hupata mara 70 katika 100, wastani wake ni 77, hivyo anayeichagua kwenye anga kavu amejitakia. Mvua ikinyesha mchezoni, hata hivyo, haikosi, na ufundi wenyewe uko hapo: mchezaji hupoteza zamu nzima akiita mvua kwa Rain Dance, kisha huvuna katika zamu zinazofuata, huku akiwa na nafasi ya asilimia 30 ya kumpooza mpinzani kila anapopiga. Kulima kwanza na kuvuna baadaye kumekuwa kamari tangu lini? Kuhusu mpwa wako, kukosa mara tatu mfululizo hutokea chini ya mara tatu katika 100. Ilikuwa siku yake.

Dada wa Tororo
Kwetu Tororo, katika miaka ya 1967 hadi 1976, ngurumo zilihesabiwa kwa wastani wa siku 251 kwa mwaka. Mchezo huu ungetungwa kwetu badala ya Japani, Thunder isingekosa hata Jumapili.

Mjomba wa Ntinda
Sikuja hapa kufundishwa hesabu na vijana, wala kuambiwa kwamba mpwa wangu ana mkosi. Badala ya kuita mvua, mfundisheni mtoto kumchagua Sandshrew, kiumbe wa aina ya udongo. Aina ya udongo haidhuriki na pigo lolote la umeme, na hilo ni somo la maisha vilevile: aliyesimama imara ardhini hana sababu ya kuogopa radi.

Mwalimu wa Masindi
Ssebo, futa sentensi hiyo ya mwisho. Ninafundisha darasa la tano, na mwezi uliopita mwanafunzi aliniambia, kwa uhakika wa mtu aliyesoma, kwamba mvua ikinyesha atavua viatu asimame kwenye udongo ili awe kama Sandshrew. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, si mbali na hapa ninapoandikia. Walikuwa ardhini.

Kaka wa Jinja
Mwalimu, poleni, lakini mchezo haukuahidi kufundisha fizikia. Ndani yake samaki hupigana nchi kavu na hakuna anayelalamika. Mimi bado sijasikia kwamba Pikachu amempeleka mtoto yeyote hospitalini.

Dada wa Tororo
Basi sikia leo. Desemba 1997, huko Japani, mamia ya watoto walipelekwa hospitalini jioni moja baada ya Pikachu kulipua makombora kwa umeme wake katika katuni ya Pokémon, ile sehemu yenye kiumbe aitwaye Porygon.

Kaka wa Jinja
Hilo ni jambo jingine kabisa, dada. Waliougua waliathiriwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliomweka kwa kasi kwenye skrini, wengine wakapata kifafa. Hakuna aliyepigwa radi, na ilikuwa katuni, si mchezo.

Dada wa Tororo
Ulisema "hospitalini". Hukutaja njia.

Fundi wa Nyaya, Mbale
Naomba niingilie, kwa sababu kazi hii ndiyo inayonilisha. Mzee ameligeuza jambo juu chini. Ardhi haiuzuii umeme, huupokea. Kinga radi tunayofunga juu ya paa inafaa kwa sababu waya wake unashuka hadi kwenye fimbo iliyozikwa, na waya huo ukikatika chini, kilichobaki juu ni chuma tupu. Radi ikiupiga mti, mkondo husambaa udongoni pande zote, ukapanda kwa mguu mmoja na kushukia mwingine, na ndiyo maana ng'ombe, ambaye miguu yake imeachana sana, hufa upesi kuliko mchungaji wake. Hata paa la mabati peke yake halitoshi: Novemba 2024 huko Palabek, Lamwo, watu 14 walikufa wakiwa katika ibada chini ya jengo la mabati.

Mjomba wa Ntinda
Sasa mimi nimekuwa muuaji. Rhydon, kiumbe mwingine wa mchezo huu, naye ana kipaji kinachoitwa Lightning Rod, yaani hiyo kinga radi unayoisifu, na yeye ni wa aina ya udongo. Waliotunga mchezo walijua wanachofanya.

Fundi wa Nyaya, Mbale
Hapo umenisaidia, mzee. Rhydon huyavuta mapigo ya umeme yaje kwake ili wenzake wapone. Kinga nzuri hufanya hivyohivyo. Mwambie mpwa wako asimame mbali na Rhydon.

Mwalimu wa Masindi
Mimi sina ugomvi na Rhydon. Nimeomba sentensi moja ifutwe, na bado ipo.

Mjomba wa Ntinda
Nimeifuta, mwalimu, usikasirike. Lakini mmelikimbia swali langu. Thunder iruhusiwe au isiruhusiwe?

Kaka wa Jinja
Iruhusiwe, mvua iwepo au isiwepo.

Mwalimu wa Masindi
Kabla ya hilo, hayo mashindano yatafanyikia wapi?

Mjomba wa Ntinda
Nyumbani kwangu, chini ya mwembe ule mkubwa, kuanzia saa nane mchana. Kuna kivuli cha kutosha watoto wote.

Dada wa Tororo
Saa nane mchana, chini ya mwembe. Mwalimu, anza wewe.