Meli kukatika vipande viwili: The Finest Hours na kisa cha kweli cha Pendleton, 1952

Kilindi07
Wakuu, nimeiangalia The Finest Hours, ile filamu ya Disney ya 2016 kuhusu boti ya walinzi wa pwani iliyokwenda kuokoa mabaharia wa Pendleton. Kwamba kisa kilitokea kweli, tarehe 18 Februari 1952, nje ya Cape Cod kule Massachusetts, hilo nalijua. Kinachonisumbua ni haya: meli ya chuma ya mita 160 inakatikaje katikati, halafu nusu ya nyuma ibaki inaelea, taa zinawaka na injini inanguruma? Na boti ya mita 11 ilibebaje watu 36? Wenye ujuzi wa vyombo nitenganishieni historia na chumvi ya Hollywood.

ChumaBaridi
Kukatika ni kweli tupu, mkuu, na kwa meli za aina ile haikuwa ajabu. Pendleton ilikuwa T2, meli za mafuta zilizoundwa kwa mamia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yenyewe ilitoka kwenye kiwanda cha Kaiser, Portland, Oregon, mwaka 1944. Ili kazi iende haraka, mabamba yalichomelewa badala ya kupigwa ribiti (pini za chuma za kuunganishia). Kwenye meli ya ribiti, ufa ukifika ukingoni mwa bamba mara nyingi unaishia hapo, maana bamba la pili ni kipande kingine. Ukichomelea, mwili mzima umekuwa kipande kimoja, na ufa una njia nyeupe hadi upande wa pili.

Ila msiwatupie lawama zote mafundi wa kuchomelea. Chuma chenyewe kilikuwa na salfa nyingi, na chuma cha namna hiyo kikipoa kupita kiwango fulani hakipindi tena, kinapasuka kama chungu. Constance Tipper wa Cambridge ndiye aliyeonyesha kuwa kiini cha tatizo ni chuma hicho kwenye baridi. Ukitaka ushahidi mtazame Schenectady, T2 pia: Januari 16, 1943 ilikatika imefungwa gatini hapo hapo Portland, maji yametulia, hewa ikiwa nyuzi 3 hivi chini ya sifuri. Dhoruba haikuwepo.

Sasa ongeza bahari chafu. Wimbi likiinua meli katikati, omo (mbele) na tezi (nyuma) vinaning'inia na sitaha inavutwa. Wimbi moja likishika omo na jingine likishika tezi, katikati panabonyea na mabamba ya chini ndiyo yanavutwa. Mbaya zaidi ni pale umbali wa kutoka kilele hadi kilele unapokaribiana na urefu wa meli. Hilo linajirudia kila baada ya sekunde chache, usiku kucha, mwezi Februari. Ufa ukishapata pa kuanzia, kwenye kona kali au mchomeleo mbovu, huna muda wa kufika kwenye jaketi la kujiokolea.

Tezi kubaki hai nako ni kweli. Kwenye T2 boila, turbaini na jenereta vyote viko nyuma. Turbaini inazalisha umeme, umeme unazungusha mota ya rafadha (pangaboi la kusukuma meli). Katikati ni matangi yaliyotengwa kwa viwambo vya chuma, hivyo meli ikikatikia kwenye tangi, kiwambo cha nyuma yake ndicho kinakuwa ukuta mpya wa mbele. Tatizo ni kwamba daraja na redio vilikwenda na kipande cha mbele, na umeme ukabaki nyuma. Nahodha John Fitzgerald na wenzake 7 walikuwa kwenye kipande hicho cha giza, hakupona hata mmoja. Meli ilikatika karibu saa 12 asubuhi, SOS haikutoka, na hadi alasiri ndipo rada ya Chatham, kituo cha walinzi wa pwani hapo Cape Cod, ikaonyesha vipande viwili.

Demani
Nichukue la boti. CG 36500, ndiyo hiyo boti ya walinzi, iliundwa ijirudishe yenyewe ikipinduka: mkuku (uti wa chini wa boti) wa shaba nyeusi wa kilo 900 hivi chini, vyumba vya hewa vilivyoinuka omo na tezi. Ikilala kifudifudi, hewa inaisukuma na mkuku unaivuta, inageuka. Maji yanayoingia sitahani yanatoka yenyewe kwa matundu.

Hesabu yake ilikuwa watu kama 12 wa kuokolewa, juu ya mabaharia wanne. Waliingia 32. Piga kilo 75 kwa kila mtu, ni tani 2.4. Hatari si kuzama pale pale. Chombo kinakaa chini majini, kinachelewa kuinuka wimbi likija, na watu waliosimama wanapandisha uzito juu hadi mkuku unapungukiwa nguvu. Ndiyo maana waliwabana chini kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Kabla ya hapo kulikuwa na fungu la Chatham (mchanga ulioinuka chini ya maji), na hapo filamu haikudanganya jambo. Wimbi likifika maji haba, sehemu ya chini inakwama na ya juu inaendelea, linasimama na kuvunjika. Lilivunja kioo cha mbele, likang'oa dira. Injini ya petroli nayo, boti ikilala sana ubavu, mafuta hayafiki na inazima. Andy Fitzgerald, fundi wa injini wa boti (si ndugu wa nahodha), akawa anatambaa chumba cha injini kuiwasha upya.

Kumpakia mtu kutoka ngazi ya kamba: unasogea taratibu, wimbi linakuinua, mmoja anaruka, unarudi nyuma kabla wimbi halijakubamiza kwenye ubavu wa meli. Unarudia. Kati ya 33 waliokuwa kwenye tezi alikufa mmoja, George Myers, aliyeangukia kati ya boti na meli. Hilo filamu imelibakiza.

Mrama
Chumvi sasa. Kwenye filamu Bernie Webber, aliyeongoza boti ya uokoaji, na Miriam ni wachumba, binti anakwenda kituoni kudai boti irudishwe. Walikuwa wameshaoana tangu 1950, na usiku ule Miriam alikuwa nyumbani anaumwa mafua makali.

Pili, watu wa mji kuwasha taa za magari ili boti ipate njia. Hakuna. Webber aliweka upepo nyuma, akiwa tayari kupanda ufukweni popote watu waruke, ndipo akaona taa nyekundu ya boya la kuingilia bandarini. Mimi hili naliona ni kosa kubwa kuliko lile la mapenzi, kwa sababu linamnyang'anya Webber uamuzi wake. Redioni alikuwa anaelekezwa ahamishie watu kwenye meli kubwa huko huko baharini. Alikata mazungumzo akaelekea pwani.

Kuna kitu cha kweli ambacho wangekitumia vizuri zaidi: mabaharia wa tezi walikuwa na redio ndogo ya kusikilizia matangazo. Walisikia habari za uokoaji wa Fort Mercer, meli nyingine iliyokatika siku hiyo, saa nyingi, na wao hawatajwi.

Kilindi07
Asanteni sana wakuu. Hiyo Fort Mercer iliishiaje? Filamu imeipita juu juu.

ChumaBaridi
T2 nyingine, siku ile ile, dhoruba ile ile, ikakatika vile vile. Hii ilipata nafasi ya kutuma SOS, ndiyo maana vyombo vikubwa vilikimbilia kwake na Pendleton ikabakiwa na boti ya mita 11. Kati ya watu 43 walipona 38. Waliokufa watano wote walikuwa kipande cha mbele. Nyuma walikuwa 34, na 13 kati yao walikataa kushuka, tezi ikavutwa hadi bandarini nao wakiwa ndani. Tezi hiyo iliungwa omo mpya, ikaitwa San Jacinto. Mwaka 1964 ikakatika tena.