Mafuta gani ya kupakala ku krosi (kitako ya mti) ya bunduki ya kalibre 12 ya zamani?

kijana_wa_katuba
Jambo yenu bandugu. Nkambo alituachia kalibre 12 yake ya kuwinda, ile ya midomo mbili ya Ubelgiji, permi iko sawa musianze kuniuliza. Chuma iko muzuri lakini mti ya krosi ilikuwa imekauka, verni inabanduka, na karibu na chuma iko nyeusi tii. Verni nimetosha yote, mti ni nwaye (mjozi), rangi yake inapendeza sana. Sasa yaya anasema nipakale mafuta ya ngazi (mawese) juu ku kijiji njo banapakalaka ku mipini ya jembe, mwengine anasema verni ya milango. Nifanye nini? Na mvula ndiyo hii inakuja.

menizie_kampemba
Ngazi wachia sombe! Haikaukake ata kidogo, itabaki inanata, inakamata vumbi, kiisha inaanza kunuka. Ya kalanga pia vile vile, na ya motere ni mbaya zaidi juu inalegeza mti. Tafuta mafuta ya lini (ya mbegu za kitani), banauzishaka ku kenkayeri pamoja na marangi. Ile haikauke sawa maji, inavuta oksijeni ya hewa na inageuka ngumu ndani ya mti. Kuko mbichi na ya kupikwa. Mbichi inaweza kukawia wiki nzima na zaidi, ya kupikwa banatiamo dawa ya kukausha (siku hizi hawaipike hata, ni jina tu), kesho yake ao kesho kutwa unaweza kurudilia.

Piga papie-vere (msasa) namba 180, kiisha 240, kiisha 320, kila mara unafuata mishipa ya mti, halafu pitisha kitambala ya maji kidogo, manyoya ya mti itasimama, ikauke, upige tena 320 polepole. Mukono wa kwanza (kupakala mara ya kwanza) changanya mafuta na terebantini nusu kwa nusu ili iingie, ingine inakuwa mafuta yenyewe, matone kidogo, unasugua na kiganja mpaka inapata moto, unangoja dakika kama 20 unapangusa YOTE yenye imebaki. Ukiacha hiyo yenye imebaki ikauke juu itakuwa gundi.

mama_rangi
Na vitambala je? Bamenizie (maseremala) hamusemake hiyo. Kitambala ya mafuta ya lini ukiikunja unaitupa mu kona inaweza kupata moto yenyewe na kuwaka, bila kiberiti bila nini. Itandaze inje moja moja mpaka ikauke ngumu, ao iloweshe mu maji.

mwindaji_mzee
Mtoto, kwanza hakikisha hamna risasi ndani, kisha tenga mti na chuma. Hiyo nyeusi karibu na chuma si uchafu, ni mafuta ya bunduki imeteremuka miaka mingi, mafuta ya lini haitashika pale. Changanya unga ya chaki na asetoni, pakala, ikikauka inavuta mafuta, futa, rudilia, inje kwenye hewa na mbali na moto. Baadaye ukiiweka, iweke mudomo chini. Pale kwenye michoro ya kushikia tumia mswaki, mafuta ikijaa mule inaziba meno yote.

Mimi lakini siko na imani sana na lini wakati wa mvula, maji inapita. Ukipata mafuta ya tungu, ya ule mti wa China, inakataa maji vizuri zaidi, ila bei yake…

kijana_wa_katuba
Aksanti mingi ba vye. Tungu sijaiona huku, nitakamata lini ya kupikwa. Mikono ngapi?

menizie_kampemba
Hamna hesabu, tano, nane, inategemea mti. Kidole ikinata usiongeze, ngoja. Na usisahau mbao ya nyuma chini ya kile kibao cha bega, bantu banaiachaka kavu na maji inaingilia pale njo ya kwanza.

mwindaji_mzee
Hapo kwa kibao cha bega menizie amesema kweli. Pale pakala mingi, inakunywa sana.