Msaada wakuu: luva za mbele za gari ya umeme hazifunguki, feni inanguruma usiku na AC inapuliza joto kwenye foleni

mpole_wa_Tegeta
Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela kubwa mahali pasipostahili. Nina gari ya umeme ya Kikorea ya mwaka 2019, betri ya kWh 64, ile ya kuchajia puani, ilitoka Uingereza na sasa ina kilomita 71,000. Mwezi uliopita bodaboda aliniingia mbele pale Tegeta, namshukuru Mungu kijana hakuumia, ila bampa ilipasuka upande wa kushoto. Nikapeleka kwa fundi bodi akanyoosha, akapiga rangi, akarudisha, kwa macho gari ikawa kama mpya.

Baada ya kama wiki moja taa ikawaka kwenye dashbodi na tangu hapo mambo ni haya: asubuhi nikitembea Barabara ya Bagamoyo AC inakuwa baridi vizuri tu, nikifika Mwenge foleni ikisimama dakika kumi hivi AC inaanza kupuliza hewa ya uvuguvugu, nikianza kutembea tena inarudi kidogo. Usiku nikichaji nyumbani feni ya mbele inanguruma mpaka mama watoto anatoka nje kuangalia kuna nini, zamani nilikuwa siisikii kabisa.

Nimeenda gereji moja wameniambia kompresa ya AC imekufa, milioni 4 na laki 8 bado kufunga. Sasa jana nikalala chini na tochi nikaona nyuma ya shoo (grili) ya mbele kuna mapanga meusi ya plastiki yamejipanga kama madirisha ya luva ya zamani, yote yamefunga. Jirani ana gari kama yangu, tukachomeka chaja yake na AC ikiwa imewashwa tukaona zake zinafunguka zenyewe. Zangu kimya. Je hizi ndio tatizo au nafukuza upepo? Na zinapimwaje?

dada_volti
Kaka usinunue kompresa. Wewe mwenyewe umeshaleta ushahidi ila hujaona. Kompresa ikifa AC inakuwa ya moto asubuhi, mchana, ukitembea, ukisimama, haichagui. Yako inapoa ukitembea na inashindwa ukisimama, maana yake gesi ipo na kompresa inasukuma, kinachokosekana ni hewa ya kupita kwenye rejeta ya AC. Ukitembea upepo unajipenyeza kwenye nafasi ndogondogo, ukisimama inabaki feni peke yake inavuta hewa kwenye mlango uliofungwa, ndio maana inanguruma.

Hizo luva kazi yake ni hii: gari ya umeme mota yake haitoi joto jingi kama injini ya petroli kwa hiyo muda mwingi mbele haihitaji hewa, zikifungwa upepo unateleza juu ya gari badala ya kuingia ndani na kuivuta nyuma, unapata kilomita chache za ziada kwenye chaji ileile. Joto likipanda au presha ya AC ikipanda kompyuta inazifungua. Na kwenye gari yako betri nayo inapozwa kwa maji ambayo yakizidi joto yanapozwa na gesi ya hiyohiyo AC, kwa hiyo AC ikiishiwa nguvu ujue na betri inakosa msaada wake. Usikae nayo hivyo kipindi hiki cha joto la Dar.

Ombi langu moja kubwa: usimruhusu mtu yeyote afungue mfumo wa gesi "kuangalia tu". Kompresa za magari haya zinatumia umeme mkubwa na oili yake ni ya aina ya POE, mafundi wengi wa AC wanaweka PAG waliyozoea kwenye magari ya petroli, ile ikiingia humo inaharibu uzuiaji wa umeme wa kompresa na hapo ndipo utainunua kweli. Nimeona watu wawili wamelia kwa hilo.

FundiUmeme_Mbagala
Dada amemaliza kwenye sababu, mimi niongezee kwenye kupima. Mkuu anza na mashine, tafuta mtu mwenye skana inayosoma moduli zote (kompyuta ndogondogo za gari) sio ile ndogo ya elfu thelathini inayosoma injini tu. Angalia herufi ya kwanza ya kodi, yaani namba ya kosa inayotolewa na skana. Ikiwa ni U maana yake kompyuta inaita luva na hazijibu, hapo unafukuza waya, soketi, fyuzi au ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi). Ikiwa ni P maana yake mota inajibu ila luva hazifiki zinapotakiwa, hapo unafukuza kitu kilichokwama au kilichovunjika. Kwenye magari mengi utaona U0284 kwa ile ya mawasiliano na P059F kwa ile ya kukwama, yako inaweza kutumia namba zake lakini maana ndio hiyo.

Alafu skana nzuri ina sehemu ya kuamrisha, unaiambia fungua, funga, huku mwenzako ameinama mbele anaangalia. Zikicheza vizuri kwa amri basi luva ni nzima na tatizo liko kwenye sensa inayotoa taarifa. Zikigoma kabisa shuka kwenye soketi ya mota.

Soketi hiyo kwa kawaida ina waya tatu zenye kazi: chanya ya volti 12, ethi, na waya wa mawasiliano. Gari ikiwa imewashwa pima chanya ukitumia ethi ya bodi, unatakiwa uone 13 mpaka 14 na kitu. SASA hapa ndipo wengi wanakosea, wakiona 14 wanasema umeme upo mota imekufa. Hapana. Rudia kipimo uleule ila safari hii waya mweusi wa mita uweke kwenye pini ya ethi ya soketi yenyewe, na soketi ikiwa imechomekwa ili mota iwe inavuta umeme, unapenya kwa nyuma na pini nyembamba. Namba zikitofautiana ethi yako ni mbovu. Waya wa mawasiliano ukiwa hai mita itasoma chini kidogo ya betri na inachezacheza, ikisoma sifuri waya huo umegusa bodi mahali, ikisimama palepale kwenye volti za betri bila kutikisika hakuna mazungumzo.

Na kwa kuwa ilianza baada ya bampa kushushwa, mimi macho yangu yako kwenye kazi ya yule fundi bodi.

Kibobori
Mkuu mimi yangu zilisumbua hivyohivyo nikazing'oa zote nikatupa, mwaka wa pili huu nadunda tu. Dar hapa luva za nini

FundiUmeme_Mbagala
@Kibobori kutupa plastiki sawa ila kama ulichomoa na soketi, taa itawaka siku zote na baadhi ya magari kompyuta ikipoteza mawasiliano na luva inakimbiza feni kwa nguvu kama tahadhari. Ndio kelele anayoilalamikia mwenzetu hapo. Alafu taa ikiwa imewaka muda wote siku likija kosa jingine utalijuaje?

mwana_wa_Matrah
Assalam alaykum ndugu zangu, mimi niko Muscat, Oman, huku joto linapita nyuzi 45 majira ya joto na vumbi lake la mchanga ni laini kama unga. Ninavyojua mimi luva zikikwama wazi hupati madhara ya maana, zikikwama zimefunga ndio balaa. Kwa hiyo mpaka utakapopata tiba zifungue ubaki nazo wazi, uzifunge na tai za plastiki za kufungia nyaya. Ukiendesha 50 mjini hutaona tofauti ya chaji hata kidogo, upinzani wa upepo ukienda 100 ni mara nne ya ukienda 50, kwa hiyo hasara yake utaihesabu siku ya safari ndefu tu.

Lakini tahadhari, USIZISUKUME kwa kidole huku mota imezishika. Ndani kuna gia ndogo za plastiki, zinakatika. Mimi nilikata zangu kwa namna hiyo na mpaka leo naijutia ile dakika moja ya haraka. Toa kwanza mota au fimbo inayounganisha mapanga, kisha zungusha. Na usipake grisi kwenye vishikizo vyake, mchanga utaganda humo uwe kama msasa. Osha kwa maji ya kawaida na brashi ya meno, kisha kama lazima, silikoni ya kupuliza ile inayokauka.

dada_volti
Na kabla ya kuingiza mkono mbele: zima gari, ufunguo uache mbali ndani ya nyumba, chomoa chaja, toa hasi ya betri ndogo ya volti 12. Ile feni haina adabu, inaweza kujiwasha gari ikiwa imezimwa. Waya za rangi ya chungwa usiziguse wala usizisogeze hata kama zinakuzuia kuona. Utakaporudisha umeme kwa ajili ya kupima, mikono iwe mbali na feni. Na mbele hapo kuna rada ya breki, ukishusha bampa usiilegeze kwenye kibao chake, ikihama pembe kidogo tu inasoma barabara vibaya.

mpole_wa_Tegeta
Wakuu Mungu awabariki, narudi na majibu, ni marefu mnivumilie.

Jumamosi nilipata kijana mwenye skana nzuri, elfu 60 kwa kuja nyumbani. Kodi ikatoka ya herufi U, mawasiliano na luva yamepotea. Tukajaribu kuamrisha, kimya. Tukafungua kava la chini na skrubu za kwenye matao ya matairi, bampa tukaisogeza mbele taratibu watu wawili, tukaifikia soketi. Haina kutu, pini safi zinang'aa, kijana akaanza kusema mota imekufa kwa sababu amepima chanya akapata 14.1 kwenye ethi ya bodi. Nikamwambia subiri, nikamsomea maneno ya FundiUmeme kwenye simu neno kwa neno. Akahamisha waya mweusi kwenye pini ya ethi ya soketi: 3.6, mara 5, mara 2, inaruka.

Tukafuata ule waya wa ethi mpaka nyuma ya taa ya kushoto, umefungwa kwa bolti kwenye kibao cha chuma. Na kile kibao ndio kilichopinda kwenye ajali, fundi bodi akakinyoosha akakipiga rangi chote vizuri mno, na ile pete ya waya akaifunga JUU YA RANGI. Wiki ya kwanza nadhani bolti ilikuwa inagusa chuma mahali padogo, mitikisiko ikaja ikalegea. Tumekwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, tukakaza kwa spana, tukapaka vaselini kwa juu kuzuia kutu. Kurudisha betri na kuwasha gari, tukasikia zzzzz, luva zikaenda mpaka mwisho na kurudi zenyewe!! Nilipiga kelele mpaka watoto wakatoka.

Ila furaha haikuwa kamili, panga tatu za upande wa kushoto hazikufuata wenzake, na tulipofuta kodi ya kwanza ikaja ya herufi P. Kumbe fimbo inayounganisha imechomoka na panga moja limekatika kishikizo chake, hiyo ni ile ajali yenyewe. Sasa swali, niunganishe au ninunue seti nzima? Seti iliyotumika kutoka Uingereza wameniambia laki 3 na nusu pamoja na usafiri, wiki nne.

FundiUmeme_Mbagala
Safi sana mkuu, umeokoa milioni 4. Rangi chini ya ethi ndiyo ugonjwa wangu wa kila wiki kwa gari zilizotoka kupaka rangi. Agiza seti, ila usikae wiki nne luva zikiwa zimefunga. Fimbo irudishe kwenye vishikizo vilivyobaki, lile panga lililokatika litoe kabisa. Gundi ya haraka usitumie, joto la rejeta linaifanya iwe kavu kama biskuti, ikipasuka kipande kinaingia kwenye feni. Ukitaka kulirudisha, yeyusha plastiki kwa pasi ya kulehemu ukizamisha kipande cha waya mwembamba ndani kama nondo kwenye zege. Ikigoma kabisa fuata ushauri wa mtu wa Muscat, fimbo itenganishwe na mota halafu funga zote wazi, kodi itabaki lakini gari itapumua.

Seti mpya ikija, ukishafunga washa gari uiache ijizungushe yenyewe mwisho mpaka mwisho, ndivyo inavyojifunza mipaka yake, usiikatize. Kisha futa kodi.

mpole_wa_Tegeta
Mrejesho wa mwisho kwa leo. Panga tumelitoa, yaliyobaki yanacheza yote na kodi ya P haijarudi siku ya tatu leo. Jana saa 11 jioni foleni ya Mwenge mpaka makutano ya Morocco hapa Dar nikaweka kipimajoto kwenye tundu la AC, nyuzi 9 muda wote, wiki iliyopita palepale ilikuwa inafika 21. Usiku kuchaji feni haisikiki. Seti nimeagiza. Kwa fundi bodi nimepita, nimemwonyesha picha ya ile pete juu ya rangi, amenisikiliza vizuri na amesema hakujua kama pale panapita umeme.

Mzenji_wa_Bububu
Hongera sheikh. Suali dogo, huku kwetu mawe ya barabarani na chumvi ya bahari, naweza kueka wavu mbele ya luva ili zisivunjike?

mwana_wa_Matrah
Eka, lakini matundu yake yawe makubwa, kama sentimita moja. Mimi nilieka wavu wa mbu, ndani ya wiki moja ukajaa vumbi na wadudu, AC ikawa yale yale ya ndugu yetu wa Tegeta. Ukishaeka, kila ukiosha gari pitisha maji uondoe chumvi.