MJADALA: Historia ya dunia kidato cha tano ianzie Paris au Ujiji?

Mpiga Chaki (Isevya, Tabora):
Wadau, naliweka mezani. Historia ya dunia kwa kidato cha tano na sita imezoeleka hivi: ubepari Ulaya, mapinduzi ya viwanda Uingereza, mapinduzi ya Ufaransa, Ujerumani na Italia kuungana, Marekani kupanda chati, Urusi, China, vita kuu mbili. Mwanafunzi wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anatoka na hoja sita kwa kila mada, utangulizi na hitimisho vya kukariri, wala hajui kuwa mambo hayo yalipita Unyanyembe, hapa Tabora. Naona mada zipunguzwe, zibaki chache za kuchimbwa, na kila moja iwe na mlango wake huku kwetu.

Chukua merikani, ile nguo ya pamba iliyotoka Marekani. Neno lenyewe ni ushahidi. Pamba ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa Massachusetts, ikaletwa Zanzibar na meli za bandari ya Salem, ikabebwa vichwani na mabegani hadi Tabora, na huko ikawa fedha: kwa nguo ulilipa hongo (ushuru wa kupita kwa watemi), posho na pembe. Marekani ilifanya mkataba na Sultani Said mwaka 1833, ikafungua ubalozi mdogo Zanzibar 1837. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipobana pamba, merikani iliadimika, nguo za Uingereza na India zikajaza pengo.

Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Cha kwanza ni jedwali la safu nne: bidhaa, ilikotoka, nani alitoa jasho, nani alikula faida. Lijazwe kwa merikani, shanga za Venice na pembe za ndovu. Cha pili ni swali moja tu: vita vya Marekani vilimgusaje mpagazi wa Kinyamwezi? Kinachoharibu somo ni mwalimu kuandika jibu ubaoni kabla jedwali halijajaa. Likishaandikwa, darasa linanakili na kufunga daftari.

Msahihishaji:
Mwalimu, merikani tamu, lakini kigezo chako kina tundu. Ukichagua mada kwa sababu zilitugusa, Haiti unaiweka wapi? Haikupita Tabora. Watumwa wa koloni hilo la Ufaransa waliinuka 1791, Ufaransa ikafuta utumwa 1794, Napoleon akaurudisha 1802, Haiti ikawa huru 1 Januari 1804, na mwaka 1825 Ufaransa ikadai faranga milioni 150 za fidia. Fidia ya nini? Ya mashamba na ya watu waliojikomboa! Bila Haiti, tamko la haki za binadamu la Ufaransa la 1789 linabaki karatasi nzuri. Vita ya kasumba kati ya Uingereza na China, ya 1839 hadi 1842, nayo haikufika kwetu, na usipoifundisha hutaelewa China ya kikomunisti ya 1949.

Halafu hoja sita msizionee. Ubaya ni hoja isiyo na ushahidi. Kipimo chepesi cha kusahihishia: futa jina la nchi kwenye aya. Ikiwa aya ya "umaskini wa wakulima" inafaa Ufaransa ya 1789 na Urusi ya 1917 sawasawa, hiyo haijawa historia, haistahili alama. Irudishe, mwanafunzi aongeze mwaka, mahali na mtu au sheria.

Mtani wenu:
Mnyamwezi akishika chaki hata Napoleon anageuzwa mpagazi.

Mzee wa Bangwe (Kigoma):
Mtani, kaa pembeni kidogo. Vita Kuu ya Kwanza inafundishwa kama mauaji ya Sarajevo na orodha ya mashirikiano. Kigoma ina vifaa vya kuifundisha vizuri zaidi. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Meli Graf von Götzen ilijengwa Papenburg 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungashwa kwenye makasha, ikaletwa kwa bahari na reli, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Ilifungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyonaswa Rufiji. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Wabelgiji wakaingia Kigoma, na Septemba wakaishika Tabora. Waingereza wakaiibua baadaye, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Angalizo: mwanafunzi atakwambia meli iliundwa kwa ajili ya vita kwa kuwa ilifungwa mizinga. Mpe tarehe mbili, 1913 na 1915, mwache ajisahihishe.

Kizuri zaidi huja baada ya vita, nacho hakigusiwi kabisa. Wabelgiji waliishikilia Kigoma hadi 1921, wakaondoka na haki ya kutumia maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, bila ukomo. Mwaka 1961 Nyerere alikataa: Mwingereza alikuwa msimamizi tu kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, kisha Umoja wa Mataifa, angewezaje kugawa milele kisicho chake? Msimamo huo juu ya mikataba ya kikoloni unajadiliwa kwenye sheria za kimataifa hadi leo. Huo ndio mlango wa kufundishia Umoja wa Mataifa.

Dada wa Kasulu:
Shikamoo mzee. Mnapanga mada, mimi nauliza ustadi. Kuna zoezi la bure kabisa: Stanley alimkuta Livingstone Ujiji lini? Mwaka ni 1871. Stanley alitangaza 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaelekeza Oktoba, naye alikuwa amepoteza hesabu ya siku kwa ugonjwa. Kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu siku hiyo zilichanwa. Wape wanafunzi mambo hayo matatu, waandike mistari mitano: tunaweza kusema nini kwa uhakika, na nini hapana? Wengi watakimbilia kumchagua mmoja kuwa "mkweli". Hapo ndipo pa kuwashika.

La pili halina utani. Ukifundisha Rwanda ya 1994 kwenye mkoa huu, huna uhakika nani amekaa dawati la nyuma. Anza na vitambulisho vya kabila vya Wabelgiji vya miaka ya 1930, nenda na utawala na vyama. Usimwulize mtoto kabila lake, wala usigawe darasa waigize pande mbili.

Mpiga Chaki:
Dada, nakubali yote. Msahihishaji, Haiti nimekupa. Ila milango ya kwetu ni mingi kuliko unavyodhani. Kuungana kwa Ujerumani hufundishwa kama wasifu wa Bismarck. Sasa tazama bunduki za zama hizo za vita vya kuungana: majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujazia nyuma miaka ya 1860 na 1870, magobore kuukuu yalimwagwa sokoni, mengi yakapitia Zanzibar. Watemi wa Kinyamwezi, Mirambo aliyeifunga njia ya Ujiji 1871, na Isike aliyejilipua bomani mwake 1893, wanasomwa kama mashujaa wa kabila, kana kwamba silaha ziliota shambani.

Msahihishaji:
Sawa, lakini ukiongeza lazima ukate. Ukate nini? Mimi nakata Italia. Cavour, Garibaldi na Mazzini, vinara wa kuungana kwake, wanakula vipindi vingi kuliko India nzima.

Mzee wa Bangwe:
Ukiikata yote, Adwa ya 1896 utaieleza vipi? Dola changa ya 1861 iliyotaka koloni la kujionyeshea mbele ya wakubwa, ikapigwa na jeshi la Menelik wa Ethiopia. Na 1935 ikarudi kuivamia.

Msahihishaji:
Basi Italia ipewe kipindi kimoja, na kiishie Adwa.