Tupeane uzoefu: bidhaa na burudani za Uingereza na Marekani, mliokaa huko au mnaoletewa vitu mtuambie

Wakuu habari za muda huu. Naanzisha huu uzi kwa sababu kila siku watu wanabishana Uingereza bora, mara Marekani bora, ukiuliza bora kwenye nini unaambiwa mshahara basi. Mi nataka tuongelee maisha yenyewe, unachokula, unachochomeka ukutani, unachoangalia jioni ukitoka kazini. Nimekaa Reading kwanza halafu familia tukahamia Houston, na ndugu ninao pande zote, kwa hiyo nimeona kidogo.

Naanza na dukani. Uingereza bei iliyoandikwa kwenye rafu ndiyo unayotoa, VAT yao ya asilimia 20 kwa vitu vinavyotozwa iko ndani tayari. Huku bei ni kabla ya kodi, jimbo la Texas lina asilimia 6.25 na mji unaongeza yake hapa Houston inafika 8.25, mchele na unga havitozwi lakini sabuni na nguo zinatozwa, kwa hiyo ukiwa na hela kamili mkononi kwa ajili ya kitu kimoja jua haitoshi. Ukihamia jimbo jingine hesabu inabadilika tena, Oregon kwa mfano hawana kabisa hiyo kodi.

Kitu kingine ni dawa ya maumivu. Panadol kwa Uingereza supamaketi wanakuuzia pakiti ya vidonge 16, na kaunta wengi wanaishia kukuuzia pakiti mbili. Utaratibu huo ni wa 1998, waliuweka kwa sababu watu walikuwa wanameza nyingi kwa wakati mmoja kwa kujidhuru na ini linakufa. Marekani dawa ileile wao ni Tylenol, unabeba kopo la vidonge 500 na hakuna anayekuuliza. Mi naunga mkono Uingereza hapa bila kupepesa macho, nyumba yenye watoto au yenye mtu mwenye msongo wa mawazo haitakiwi kuwa na kopo la vile kabatini. Kama unalo lifungie.

Karibuni wengine.

Fundi, Kariakoo
Mi sijakaa huko mkuu ila vitu vyao vinapita mezani kwangu kila wiki, ngoja niwasaidie mnaotuma mizigo nyumbani. Uingereza umeme wao ni 230V, 50Hz na plagi yao pini tatu ndo hii hii yetu, kitu kikitoka London unachomeka unatumia. Marekani ni 120V, 60Hz. Sasa mtu anatumiwa blenda nzuri kabisa au pasi au mashine ya kukaushia nywele, ananunua adapta ya buku mbili anachomeka, dakika chache moshi. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, umeme unaoingia ni uleule wa kwetu, mara mbili ya ule kifaa kilichotengenezewa. Inaniuma sana kwa sababu aliyetuma kajibana huko na aliyepokea hajakitumia hata siku moja.

Kabla hujanunua geuza kifaa usome nyuma. Kikiandikwa 100-240V hakina shida, chaja za simu na laptop karibu zote ziko hivyo. Kikiandikwa 120V peke yake kinataka transfoma ya kushusha umeme, na transfoma lazima izidi wati za kifaa, kwa pasi ya wati 1500 utanunua dude zito ambalo bei yake ungenunua pasi mpya hapa hapa Kariakoo na chenji ikabaki.

Simu nazo. iPhone 14, 15 na 16 zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini ya kielektroniki iliyo ndani ya simu, za Uingereza zinalo. Halafu Uingereza tangu Desemba 2021 kampuni za simu haziruhusiwi kuuza simu iliyofungwa kwenye mtandao mmoja, wakati Marekani simu ya mkopo mara nyingi imefungwa mpaka deni liishe, na hiyo hakuna fundi wa kukufungulia kihalali, ni mwenye mkataba mwenyewe awasiliane na kampuni yake. Nawaomba mnaponunua kwa ajili ya mama au mdogo wako ulizeni hilo kwanza.

Mkenya, Minneapolis
Fundi amesema ukweli, na hiyo stori ya volti ndiyo inafanya hata chai huku Marekani ichelewe. Nilipokuwa kwa dada yangu Manchester birika la umeme lilikuwa la wati 3000, unaweka maji unatafuta kikombe, tayari. Huku soketi ya kawaida ya jikoni haiwezi kubeba hiyo, birika nyingi ni kama wati 1500, nusu, ndiyo maana utaona Mmarekani anapasha maji kwa maikrowevu. Wengi wao pia chai wanaitaka baridi na barafu, watu wa kusini wanatia sukari nyingi kabisa. Mimi siwezi. Kwa Waingereza utajisikia nyumbani, majani mengi wanayochanganya yanatoka Kericho na sehemu zingine za Kenya.

Mayai: huku yanaoshwa kiwandani kwa hivyo lazima yakae friji, Uingereza hayaoshwi, kuku wengi wanachanjwa dhidi ya salmonela, unayakuta kwa rafu ya kawaida tu vile ya kwetu.

Dada wa Tanga, London mashariki
Assalam aleikum. Mi niseme vya watoto maana wangu wana binamu zao Columbus, Marekani, na kila wakikutana ni ubishi. Chokoleti ya Cadbury inayouzwa Marekani inatengenezwa na Hershey kwa leseni, ladha si ileile, wanangu walionja wakairudisha. Fanta ya huku ina juisi ya chungwa kidogo na rangi imepoa, ya kule inang'aa, rangi ya kutengeneza. Na tangu Aprili 2018 serikali ya huku inatoza kodi soda zenye sukari kuanzia gramu 5 kwa mililita 100, kampuni nyingi zikapunguza sukari zikaweka vitamu vingine. Mimi mwenye wazee wa kisukari nyumbani nimefurahi.

TV: huku unalipia leseni, Aprili 2025 ilifika pauni 174.50 kwa mwaka, lakini BBC haina tangazo hata moja. Kule kwa wifi yangu kila baada ya muda kidogo matangazo, tena ya dawa za hospitali, mtu anacheka na mbwa wake huku sauti inasoma madhara. Uingereza tangazo la dawa ya cheti cha daktari kwa wananchi ni marufuku.

Mdau, Birmingham
Hakuna aliyegusa mpira?? Ndugu zangu, mechi za Jumamosi saa tisa alasiri Uingereza HAZIONYESHWI Uingereza. Kuanzia 8:45 mpaka 11:15 ni marufuku mpira laivu kwenye TV, utaratibu wa tangu miaka ya 1960 ili watu waende viwanjani hasa timu ndogo. Mi niko dakika chache na treni toka uwanjani, mdogo wangu Mbagala anaangalia banda umiza ananisimulia kwa simu nani kafunga. Naumia, ila nikienda kuangalia timu za madaraja ya chini hapa naona uwanja una watu, wazee na wajukuu zao, naelewa wanachokilinda.

Mkenya, Minneapolis
Huku za Ligi Kuu ya Uingereza tunaziona zote ukilipia, kampuni ya TV ya NBC wanazo tangu 2013, hiyo ya saa tisa kwetu ni saa tatu asubuhi, unaangalia na chai ya maziwa. Afadhali kuliko futiboli yao ya Kimarekani, dakika 60 za mchezo zinakula masaa matatu na zaidi.

Mdau, Nairobi
Series pia. Ile ya vichekesho, The Office, ya Uingereza ni episodi 14 ukihesabu na zile za Krismasi, ya Marekani 201. Napenda mtindo wa Waingereza, hadithi ikiisha inaisha. Fundi swali, binamu anataka kunitumia TV kutoka Marekani, nikubali?

Fundi, Kariakoo
Mkuu soma nyuma volti kwanza, TV nyingi za siku hizi ni 100-240 lakini zingine za kule ni 120 tu. Pili, antena: Marekani wanatumia mfumo wa ATSC, Kenya na sisi ni DVB-T2, kwa hiyo chaneli za hapa haitazishika yenyewe, utatumia king'amuzi kwa waya wa HDMI. Ila kioo kikipasuka njiani sina dawa, mwambie akutumie hela ununue hapo Nairobi.